Machale, Hesabu na Upinde

Upepo wa Singida ulikuwa umeamka jioni ile, unagonga mabati na kupitisha vumbi chini ya mlango. Mezani tulikuwa watatu: mimi, shemeji yangu na mpwa wangu. Mbele ya kila mmoja palikuwa na kilima cha mbegu za alizeti. Dada yangu, mwenye nyumba, alikuwa ameshaweka sheria kabla karata hazijachangwa: "Humu ndani hakuna kamari. Chezeeni hizo mbegu, na mkimaliza ni za kuku wangu."

Mpwa wangu anasoma takwimu Chuo Kikuu cha Dodoma. Likizo ile alikuja na mchezo ambao mimi na baba yake hatukuujua: poka. Sisi tumekulia kwenye arubastini na lasti kadi. Kopa na shupaza tunazijua, turufu tunaijua, lakini huu ulikuwa na mambo yake. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri. Kisha mezani zinafunuliwa tano za wote: kwanza tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Mwenye seti bora ya karata tano anabeba fungu. Kila zinapofunuliwa, watu wanaweka dau, au wanalipa dau la mwenzao, au wanalaza karata zao na kukaa pembeni.

Jioni ile nilikuwa na asi ya kopa na nane ya kopa. Mezani zilikuwa zimeshafunuliwa nne, na mbili kati yake zilikuwa kopa. Nikipata kopa moja tu zaidi ninakuwa na tano za aina moja, seti ambayo shemeji angepata tabu kuifikia. Katikati palikuwa na mbegu 40. Shemeji akachota nyingine 40 kwa kiganja, akazisukuma mbele taratibu, akanyamaza.

"Mjomba, hesabu kwanza," mpwa wangu akaninong'oneza. Yeye alikuwa ameshalaza zake.

Nikahesabu. Karata zote ni 52. Ninazoziona ni sita, kwa hiyo zilizojificha ni 46. Kopa zote ni 13 na nne nimeshaziona, zimebaki tisa. Tisa kati ya 46 ni pungufu kidogo ya moja kwa tano. Sasa bei: nilitakiwa kulipa mbegu 40 ili nishindanie 80 zilizokuwa mezani. Ili malipo hayo yasinitie hasara, nahitaji kushinda walau mara moja katika kila mara tatu, nami nina moja kwa tano. Kama shemeji angeweka mbegu 10 tu, ningelipa 10 kushindania 50, ambapo mara moja kwa sita inatosha, na ningelipa bila kusita. Kwa 40, hesabu ilisema laza.

Lakini moyoni kulikuwa na sauti nyingine: shemeji anapiga mkwara. Hana kitu. Lipa!

Nilizishika karata mkononi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nitarudi kwenye mchezo ule, maana nimekuwa nikijiuliza sana sauti kama ile inatoka wapi, na kama inastahili kusikilizwa.

Mimi ni karani. Kwa miaka mingi nimeshika vitabu vya mashine ndogo ya kukamua alizeti hapa mkoani, na wahenga waliosema mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wanasema habari za kazi yangu. Nimeona mtu anauza mafuta mwaka mzima akiamini anapata faida, na tukikaa na daftari lake tunakuta faida yote imeliwa na magunia, dizeli na nauli. Namba haina upendeleo wala haimwonei mtu haya.

Ndiyo maana poka ilinivuta kwanza kwa upande wa hesabu. Mpwa wangu alinionyesha kuwa karata mbili za mwanzo zinaweza kuja kwa namna 1,326, na kwamba jozi ya asi, ambayo kila mgeni wa mchezo huu huisubiri kwa hamu, huja mara moja tu katika kila mara 221. Mtu akishalijua hilo, anajua pia kwamba karibu kila mara atacheza bila hizo asi, na ajifunze kuishi na za kawaida.

Somo hilo lilitoka mezani siku alipokuja kijana wa jirani na mkeka wake wa kubeti timu tano, ana uhakika usoni. Mpwa wangu hakumkejeli. Alichukua kalamu akamwambia, tuseme kila timu uliyoichagua ni nzuri, ina nafasi 60 kati ya 100 ya kushinda. Ya kwanza, 60. Ya pili ikiingia, zinabaki 36. Ya tatu, karibu 22. Ya nne, 13. Ya tano, hazifiki 8. Kijana akaishika karatasi ile akaisoma mara mbili. Kila timu, ukiitazama peke yake, ilikuwa chaguo zuri. Zikifungwa pamoja, mkeka wote ulikuwa unaelekea kuchanika tangu mwanzo. Moyo unaona timu tano nzuri, na kuzidisha hauwezi.

Hata hivyo, wiki ya kwanza yote bingwa wa hesabu ndiye aliyekuwa anamaliza mbegu zake mapema. Alikuwa anajua uwezekano wa kila kitu, na baba yake, ambaye hajui hata moja ya namba hizo, alikuwa anamkusanyia mbegu kama mtu anayeokota kuni. Shemeji ni mnunuzi wa vitunguu. Maisha yake yako Misuna, kwenye soko la vitunguu hapa mjini, na kwenye malori yanayotoka pale. Nilimuuliza siri yake.

"Huyu mtoto," akasema, "akiwa na karata nzuri anazipanga mbegu zake vizuri kabla ya kuziweka. Akiwa hana kitu anazitupa haraka haraka, kama mtu asiyejali. Mimi namwangalia mikono tu."

Akanieleza kuwa sokoni ni vilevile. Mkulima anayekuambia bei kisha akatazama barabarani mara mbili ana haraka, pengine gari la kumrudisha kijijini linaondoka. Anayekaa juu ya gunia lake, hasimami hata mteja anapokuja, huyo bei yake haishuki. Hakuna jedwali linalokueleza mambo hayo. Mwenye macho haambiwi tazama.

Baadaye mpwa wangu alikiri kosa lake, na alilikiri kwa lugha ya fani yake. Alisema kuwa kucheza kila karata kwa kadiri ya thamani yake tu ni kumsomea mwenzako barua yako kwa sauti. John von Neumann, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, aliliona jambo hili zamani. Katika kitabu kikubwa cha nadharia ya michezo alichoandika na Oskar Morgenstern mwaka 1944, poka imepewa sehemu yake, na hesabu yenyewe inaonyesha kuwa kupiga mkwara ni sehemu ya kucheza vizuri. Ni lazima mara mojamoja uweke dau kubwa ukiwa huna kitu, ili wenzako wasiwe na hakika siku ukiwa nacho. Kwa hiyo hata mkwara una hesabu yake. Nilipolisikia hilo, ukuta niliokuwa nimeujenga baina ya watu wa namba na watu wa machale ulianza kubomoka.

Ulibomoka zaidi kazini. Kwenye mashine yetu kuna mzee anayepokea alizeti. Mkulima akishusha gunia, mzee anachota mbegu kwa viganja viwili, anaziachia zidondoke kutoka kiganja hadi kiganja, huku ameinamisha kichwa kidogo, anasikiliza. Zilizokauka zinalia kwa mlio mwepesi wa kukatika. Zenye unyevu zinadondoka kizito, kama mchanga wa mtoni. Kisha anang'ata moja, anatema ganda, anasema: "Hizi zirudi juani siku mbili." Nimeshuhudia vijana wakibishana naye, na nimeshuhudia mashine ikimpa yeye haki.

Kwa muda mrefu niliamini mzee ana kipaji cha kuzaliwa. Siku moja nilipokuwa namtazama nikaelewa. Kila siku ya msimu, mzee anatoa hukumu mara nyingi, na kila hukumu inajibiwa papo hapo. Mbegu zinaingia kwenye mashine, na kabla hajasahau alichosema anaona mafuta yanatoka vipi na mashudu yana hali gani. Akikosea anajua leo leo. Ameulizwa swali lilelile mara maelfu na kusahihishwa mara maelfu, na yote hayo yamekaa kwenye masikio na vidole vyake bila kuandikwa popote. Hesabu anayo. Ilishashuka mikononi, na njia iliyopitia ameisahau.

Wataalamu wawili waliwahi kulijadili jambo hili kutoka pande zinazopingana. Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alitumia maisha yake kuonyesha jinsi hisia zinavyotupotosha. Gary Klein alikaa na makamanda wa zimamoto akaona jinsi hisia zinavyookoa roho za watu. Mwaka 2009 waliandika makala pamoja, wakagundua kuwa hawatofautiani kama walivyodhani. Hisia ya mtu ni ya kuaminika, walisema, pale ambapo mambo yana utaratibu unaojirudia, na mtu mwenyewe amepata nafasi ya kutosha ya kujifunza utaratibu huo kwa kujaribu na kusahihishwa. Pasipo hayo mawili, uhakika wa moyoni hauthibitishi chochote, hata uwe mkubwa kiasi gani.

Hapo nikakumbuka vitunguu vyangu.

Kuna mwaka nilinunua vitunguu vya kuhifadhi. Misimu miwili iliyotangulia nilikuwa nimenunua kidogo wakati wa mavuno, nikauza bei ilipopanda, nikapata faida. Msimu wa tatu machale yalinicheza kwa nguvu: mwaka huu bei itaruka. Sikufungua daftari, mimi karani. Nilichukua akiba yote ya nyumbani, ikiwamo ada ya mtoto ya muhula uliokuwa unakuja, nikajaza banda. Bei haikupanda nilipoisubiri. Vitunguu navyo havisubiri kimya: vinapungua uzito, vinachipua, na kimoja kikioza kinawaambukiza jirani zake. Nilikuwa nafungua banda asubuhi napokelewa na harufu. Mke wangu hakunilaumu. Alikaa kwenye kigoda tukachambua pamoja siku mbili, vizima huku, vibovu kule, na rundo la kule likawa kubwa. Mtoto alichelewa kwenda shule muhula ule.

Kwa miaka nilijiambia kuwa nilifanya kosa la kusikiliza machale. Sasa naona sikuyaelewa sawasawa. Mzee wa mashine amejibiwa mara maelfu. Mimi bei ya vitunguu ilikuwa imenijibu mara mbili, na kila msimu una mvua yake, una wingi wake wa mavuno, una wanunuzi wake kutoka nje. Ile misimu miwili ilikuwa bahati iliyonijia mara mbili, nami nikaiita uzoefu. Na kuna jambo lingine la ndani zaidi. Nilitaka bei ipande. Niliitaka sana. Tamaa inajua kuvaa nguo za machale na kuja kukunong'oneza kwa sauti ileile.

Tangu nilipolitambua hilo nina njia moja ya kuwatofautisha hao wawili. Machale ya kweli mara nyingi yanaonya: yanakusimamisha na kukuonyesha kitu kidogo ambacho hakikai sawa, mkono ulioharakisha, mlio mzito wa mbegu. Tamaa inakuahidi. Sauti ya ndani ikikuambia unachopenda kusikia, iulize ilisoma shule gani.

Lakini kosa kubwa la msimu ule lilikuwa jingine kabisa, na walionifumbua macho ni jirani zetu wa mkoa huuhuu.

Wahadzabe wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi, na baadhi yao wako Munguli, wilayani Mkalama. Ni wawindaji na wakusanyaji wa asali, mizizi na matunda ya porini. Wanaume wao wana mchezo wa kubahatisha unaoitwa lukuchuko. Wanarusha vipande vya magome ya mti vigonge shina, kisha wanatazama vimeangukia upande gani. James Woodburn, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyekaa nao na kuandika habari zao, anaeleza kuwa wanashindania mishale ya chuma yenye sumu, visu, shanga, viko na nguo, na kwamba aliyeshinda hubanwa aendelee kucheza hadi mali izunguke tena. Lakini kuna vitu ambavyo mwanamume haviweki kwenye dau: upinde wake, mishale yake ya kawaida ya ndege, na mfuko wake wa ngozi.

Niliposoma hayo niliweka kitabu chini. Fikiria mchezo ule. Magome yanaangukia yanapoangukia. Hakuna karata ya siri ya kuhesabia na hakuna uso wa kusoma. Hesabu haina pa kushika, na machale vilevile. Mahali hapo, ambapo akili zote mbili zimefika mwisho, kimebaki kitu cha tatu: mpaka uliowekwa kabla mchezo haujaanza. Mimi naielewa hivi: mtu aliyepoteza kila kitu jioni ataamka asubuhi na upinde wake, mishale michache na mfuko wa kubebea atakachopata. Anaweza kwenda porini. Maisha yake hayakuwa kwenye dau.

Ada ya mtoto ndiyo ilikuwa upinde wangu, nami niliiweka mezani. Hata kama bei ingepanda mwaka ule, ningekuwa nimekosea vilevile, isipokuwa nisingejua, na pengine msimu uliofuata ningeweka nyumba.

Kwa hiyo siku hizi nafuata utaratibu huu, na nimemfundisha mpwa wangu kama yeye alivyonifundisha kopa tisa kati ya 46. Kwanza natenga upinde: chakula, ada, matibabu, mtaji wa kuanza tena. Hivyo haviingii kwenye mazungumzo. Pili nahesabu, kwa kalamu, hata pale ninapodhani najua. Tatu nasikiliza machale, lakini nayaandika. Nina daftari dogo la jalada jekundu. Kabla ya kununua au kukubaliana na mtu, naandika tarehe, naandika namba inasema nini na moyo unasema nini. Mwezi ukipita nafungua, naweka alama ya vema au ya mkasi. Kwa njia hiyo nayapa machale yangu kile ambacho mashine inampa mzee wetu kila siku: jibu.

Daftari limenifundisha kitu ambacho nisingekubali kuambiwa na mtu. Kuhusu watu, nani atalipa na nani atasumbua, moyo wangu unapatia mara nyingi, maana nimekaa mbele ya wateja maisha yangu yote. Kuhusu bei, moyo wangu na sarafu iliyorushwa juu havipishani. Basi kwenye watu najisikiliza, na kwenye bei nafuata kalamu. Mwingine atakuta ni kinyume chake. Hakuna wa kukupimia ila daftari lako mwenyewe.

Turudi mezani. Mbegu 40 za shemeji zimekaa katikati, upepo unagonga mabati, na moyo unaniambia lipa, anapiga mkwara.

Nikaiuliza ile sauti ilisoma shule gani. Nimemjua shemeji zaidi ya miaka ishirini. Nimekwenda naye Misuna mara nyingi. Asipokuwa na nia ya kununua anaongea sana, anatania, anapandisha na kushusha bei kama mchezo. Siku anapolitaka gunia kweli ananyamaza, mikono yake inatulia, anasubiri. Nikamtazama. Alikuwa amenyamaza, viganja vyake vimelala mezani kama vya mtu aliyemaliza kazi. Machale yangu, yale niliyoyasomea miaka ishirini, yalikuwa yanasema ana karata. Sauti iliyosema hana kitu ilikuwa imeona kopa nne ikaitamani ya tano.

Nikalaza karata zangu. Shemeji akakusanya fungu kwa mkono mmoja, akarudisha karata zake kwenye pakiti bila kuzifunua. Sikumuuliza. Mpwa wangu alitaka sana kujua, akamwomba baba yake amwambie, na baba yake akacheka tu na kuchanga upya.

Tulicheza hadi taa ikaanza kufifia. Asubuhi dada yangu alikuja na ungo, akakusanya mbegu zote kutoka vilima vyote vitatu, kikubwa cha shemeji na vidogo vyetu, akatoka nazo uani. Nilimsikia anaita kuku.